Silaha Mkononi mwa Aliyeghadhibika

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Wametuandikia baadhi ya ndugu ambao wana watoto na jamaa katika nchi ya Marekani, wakitutaka tueleze neno la dini juu ya sheria ambazo watu wa huko huziita "sheria za bendera nyekundu". Sheria hizo zimewagawa watu wa nchi ile mapande mawili: hawa wataka zienezwe na kupanuliwa, na hawa wataka zifutwe. Na twajua kwamba watakuwapo watakaosema: Yatuhusu nini sisi wa Mombasa na Lamu na Malindi mambo ya bunduki za Wamarekani, ilhali kwetu mtu hamiliki bunduki ila kwa leseni, na leseni yenyewe serikali yaweza kuitwaa? Jawabu yetu ni kwamba jamaa zetu wako huko, wanaishi chini ya sheria hizo, na huenda wakazihitaji au zikawafika. Tena asili ya suala hili si bunduki. Asili yake ni mtu aliyegeuka machoni pa watu wa nyumbani mwake, wakaona khatari inamjia au inatoka kwake, wasijue kama wanyamaze au waseme, na wakisema wamwambie nani. Suala hili limo katika kila mtaa wetu, bunduki iwepo au isiwepo.

Bendera nyekundu ni alama ya khatari, kama ile inayosimamishwa penye kupasuliwa mawe kwa baruti ili mpita njia asimame. Na sheria yenyewe ni hivi. Mtu akionekana kuwa anataka kujiua au kuua wengine, naye ana silaha au yuko mbioni kuipata, basi mmoja wa wale walioruhusiwa na sheria hufika mbele ya hakimu, akaapa juu ya aliyoyaona na aliyoyasikia. Katika majimbo mengine walioruhusiwa ni askari peke yao, katika mengine ni askari na jamaa wa karibu, na katika mengine hata daktari na mwalimu. Hakimu akitosheka na ushahidi hutoa amri ya muda mfupi, mara nyingi siku 14, ya kuziweka silaha za mtu yule mbali naye na kumkataza kununua nyengine. Kisha mwenyewe huitwa, akasikizwa, akaleta wakili na mashahidi wake. Ikithibiti kuwa khatari ingaliko, amri hurefushwa, mara nyingi mwaka mmoja, ijapokuwa California yaweza kufika miaka mitano. Isipothibiti, amri huanguka. Hapana kifungo katika amri hiyo, wala mtu haandikwi kuwa ni mkosa. Akiivunja amri, hapo ndipo anapoingia katika kosa.

Jimbo la kwanza kuweka sheria kama hii ni Connecticut, mwaka 1999, baada ya mtumishi mmoja katika ofisi ya bahati nasibu ya jimbo kuwaua wakubwa wake wanne kisha akajiua, mwezi wa Machi 1998. La pili ni Indiana, mwaka 2005, na kisa chake kina mazingatio makubwa zaidi. Katika mji wa Indianapolis alikuwako mtu aliyeharibikiwa na akili. Mapema mwaka 2004 askari walizichukua bunduki zake alipopelekwa hospitali. Alipotoka akazidai, na askari wakatazama katika sheria wasione neno la kuwawezesha kuzizuia, wakamrudishia. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule akamuua mama yake mzazi, kisha akatoka njiani akampiga risasi askari Jake Laird akafa, na kuwajeruhi askari wengine. Sheria ya Indiana ikaitwa kwa jina la askari huyo. Hebu msomaji na azingatie: wale waliomrudishia silaha hawakuwa wajinga wa hali yake. Walijua, lakini ujuzi wao haukuwa na mkono.

Miaka mingi ikapita majimbo mengine yakitazama tu, mpaka yalipotokea mauaji ya Isla Vista katika California mwaka 2014, na mauaji ya skuli ya Parkland katika Florida tarehe 14 Februari 2018, walipouawa watu 17. Katika visa vyote viwili walikuwako watu waliokwisha kutoa onyo kabla ya damu kumwagika. Leo majimbo zaidi ya 20 yana sheria hii, na mwaka 2022 serikali kuu ilitenga dola milioni 750 kuyasaidia majimbo katika kazi hii na nyengine za namna yake. Upande wa pili nao haukulala: Oklahoma mwaka 2020, Tennessee na Wyoming mwaka 2024, na Texas mwaka 2025, zote zimeweka sheria za kuizuia sheria hii isiingie kwao.

Sasa na turejee katika dini yetu. Watu hudhani kwamba kumzuilia mtu kitu alichokimiliki kwa halali, kabla hajatenda kosa, ni jambo geni lililozuliwa na mahakama za Kizungu. Dhana hii inatokana na kutosoma. Katika vitabu vya fiqhi mna mlango mzima uitwao mlango wa hajri, yaani kumzuia mtu asitumie mali yake mwenyewe. Asili yake imo katika sura ya Nisaa, aya ya 5, ambapo Mwenyezi Mungu amekataza wapumbavu kukabidhiwa mali, na katika aya hiyo hiyo akaamrisha walishwe na wavishwe katika mali hiyo na waambiwe maneno mema. Kisha katika aya ya 6 akaamrisha mayatima wajaribiwe, na inapoonekana kwao busara warudishiwe mali zao. Basi tazama jinsi hukumu hii ilivyokaa: mtu anazuiliwa, hatukanwi, mali inawekwa, hainyang'anywi ikawa ya mwengine, na mlango wa kurudishiwa umeachwa wazi tangu siku ya kwanza. Ikiwa hivi ndivyo ilivyo katika mali ambayo khasara yake ni kufilisika, basi itakuwaje katika chuma ambacho khasara yake ni roho?

Na lililotupendeza zaidi katika mlango huu ni kauli ya Imamu Abu Hanifa, Mungu amrehemu. Yeye katika maimamu ndiye aliyekuwa mgumu kabisa katika jambo la hajri. Amesema kwamba mtu mzima, huru, mwenye akili hazuiwi kutumia mali yake kwa sababu ya ubadhirifu tu, kwa kuwa kumvunjia mtu hiari yake ni madhara makubwa zaidi kuliko kupotea mali yake. Maimamu wengine, naye Imamu Shafii ambaye sisi wa pwani twafuata madhehebu yake, wamekhitalifiana naye. Lakini Abu Hanifa huyo huyo, mwenye kuipenda hiari ya watu kiasi hicho, amepokewa akisema kuwa watu watatu huzuiwa: mufti asiyejali anayewafundisha watu hila, tabibu mjinga, na mkodishaji wanyama wa safari aliyefilisika, anayepokea fedha za watu ilhali hana mnyama wa kuwapandisha. Kwa nini hawa? Kwa sababu madhara yao hayaishii kwao. Yule huharibu dini za watu, huyu miili yao, na huyu mali zao. Basi anayesema leo kuwa hiari ya mtu ni kitu kitukufu kisichoguswa ila kwa sababu nzito, amesema kweli na Abu Hanifa yuko pamoja naye. Lakini sababu nzito ikithibiti, Abu Hanifa haendi naye tena.

Tena imo katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alimwamrisha mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale ashike ncha zake, asije akamjeruhi Mwislamu. Na amekataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, kwani hajui, huenda shetani akauvuta mkono wake. Hapa hakutajwa muuaji wala adui. Metajwa mtu mwema anayekwenda kuswali. Hakutuhumiwa nia yake; limetazamwa chuma lilivyo kali na mkono wa mwanaadamu ulivyo dhaifu.

Hayo ni ya asili ya jambo. Ama wanaoipinga sheria hii, si insafu kuwafanya wote kuwa ni watu wasiojali damu, kama wafanyavyo baadhi ya waandishi. Wana hoja, na hoja zao zina uzito.

Wao wanasema kwanza kwamba kumiliki silaha katika nchi yao ni haki iliyoandikwa katika katiba tangu mwaka 1791, na Mahakama Kuu yao mwaka 2008 iliamua kuwa ni haki ya kila mtu peke yake, si ya jeshi la raia tu. Hili sisi hatuna la kusema juu yake ila kwamba mahakama hiyo hiyo mwezi wa Juni 2024, kwa majaji wanane dhidi ya mmoja, katika kesi ya mtu aliyekuwa chini ya amri ya kumlinda mwanamke aliyezaa naye, ilisema kuwa mtu ambaye mahakama imemwona ni khatari kwa mwengine yafaa kunyimwa silaha kwa muda. Kesi ile haikuwa ya bendera nyekundu yenyewe, na mabishano hayajesha.

Pili wanasema kwamba amri ya kwanza hutolewa mtu mwenyewe hayupo. Na hapa yeyote aliyesoma adabu za kadhi atasimama kidogo, kwani Mtume (s.a.w.) alipompeleka Sayyidna Ali Yemen alimuusia asimhukumie wa kwanza mpaka amsikie wa pili. Wanazuoni wa Kihanafi wamelishika hili wakakataa kumhukumu asiyekuwapo. Wanazuoni wetu wa Kishafii wamejuzisha, lakini kwa masharti: pawe na ushahidi, mdai aape, na asiyekuwapo abaki na hoja yake, akija asikizwe upya. Basi sisi twaona kwamba amri ya siku 14 haipingani na sharti hizo maadamu siku hizo ni chache kweli kweli na kesi ya pili ni kesi kweli kweli. Jimbo litakalozifanya siku hizo kuwa miezi, au kuifanya kesi ya pili kuwa ya kutia muhuri tu, litakuwa limedhulumu, hata likiwa na nia njema namna gani.

Tatu ni uwongo. Je, mke aliyeachwa, au ndugu wa kugombania urithi, hawezi kwenda kwa hakimu akamsingizia mwenziwe? Aweza. Katika Colorado mwezi wa Januari 2020, mara tu sheria ilipoanza kutumika, mwanamke mmoja aliomba amri juu ya askari, akaapa kuwa ana mtoto naye ili aingie katika idadi ya jamaa, na mtoto huyo hakuwapo. Hakimu akaikataa amri, na mwanamke yule akashtakiwa kwa kiapo cha uwongo. Mtume (s.a.w.) ameuhisabu ushahidi wa uwongo katika madhambi makubwa kabisa, na katika sura ya Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa tuhakikishe khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Kisa hiki wanaoipinga sheria hukitaja kuonyesha ubaya wake. Sisi twaona chaonyesha kinyume, kwamba hakimu aliyekuwa macho aliuzima uwongo ulioletwa mbele yake.

Nne, na hili sisi Waislamu tusilipite mbio. Wako watetezi wa haki za raia, kama wale wa jimbo la Rhode Island mwaka 2018, walioonya kuwa sheria ya kumhukumu mtu kwa jambo ambalo hajalitenda, kwa khabari ya mwenziwe, inaweza kuwaangukia wanyonge kuliko wenye nguvu. Nani ajuaye hili kuliko ndugu zetu wa Marekani baada ya Septemba 2001, ambao ndevu za mtu, au safari yake ya Hija, au swala yake uwanja wa ndege, ziligeuka kuwa dalili? Na nani ajuaye kuliko sisi wa pwani hii, ambao wako kwetu waliochukuliwa kwa neno la mtu asiyejulikana jina wala sura? Kwa hiyo twasema wazi: tofauti ya sheria ya haki na fitina ni kwamba katika sheria ya haki msemaji ana jina, ameapa, amesema aliyoyaona kwa macho yake, na msemwa anamwona na kumjibu. Neno la siri lililonong'onezwa kwa dola si ushahidi, ni tajassus, nayo imeharimishwa katika aya ya 12 ya sura ile ile ya Hujurat. Basi Mwislamu akiunga mkono sheria za bendera nyekundu, aziunge pamoja na sharti hizi, asiziache mlangoni.

Na zaidi ya hayo, kumwendea mwenye silaha alfajiri ukamgongea mlango ni khatari yenyewe. Maryland, mwezi wa Novemba 2018, mwezi mmoja tu baada ya sheria kuanza, askari walimwendea mtu mmoja nyumbani kwake kabla ya kupambazuka kumpa amri, pakatokea mvutano wa bastola, na mtu yule akauawa. Amri iliyotolewa ili roho isipotee ikawa sababu ya kupotea roho. Hatusemi kwa hili sheria ifutwe. Twasema saa ya kwenda, na namna ya kwenda, na nani wa kutangulia kusema naye, ni mambo ya sheria pia.

Tumeyaandika haya kwa urefu ili asije mtu akasema tumezipima hoja kwa mizani yenye sahani moja. Lakini ziko roho ambazo hazitajwi sana katika mabishano haya, nazo ndizo nyingi.

Mwaka 2021 walikufa kwa risasi katika Marekani watu 48,830, na katika hao 26,328 walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu! Magazeti huandika juu ya muuaji wa skuli na wa sokoni, na huyu anayefunga mlango wa chumba chake akajimaliza haandikwi. Mwenye kujaribu kujiua kwa dawa au kwa namna nyengine, mara nyingi huokolewa, na wengi wa waliookolewa hawarudii wakafa kwa njia hiyo. Mwenye kutumia bunduki ni nadra kuokoka. Na nia ya kujiua mara nyingi ni wimbi; laja kwa nguvu, likapita. Wanavyuoni wa Chuo Kikuu cha Duke, akiwamo Jeffrey Swanson, walizichungua kesi 762 za Connecticut, wakatoa hisabu yao mwaka 2017: kwa kila silaha za watu 10 mpaka 20 zilizochukuliwa, mtu mmoja aliokoka asijiue. Hisabu hiyo ni makadirio ya wataalamu, yaweza kuongezeka au kupungua. Lakini hata ikiwa ni mmoja kwa 20, watu 19 wamekaa mwaka bila ya bunduki zao, na mmoja yu hai. Mwenyezi Mungu amemharimishia mtu kuiua nafsi yake, na mwenye kuweza kumzuia nduguye asiingie katika haramu hiyo akamwacha kwa kuona haya, atajibu nini?

Na hapa ndipo tunapokuja kwetu. Kijana akibadilika nyumbani, akawa halali usiku, haswali, hali, azungumza na ukuta au azungumza juu ya kufa, sisi hufanyaje? Kwanza hufichwa, kwa kuwa dada yake hajaolewa na watu watasema nyumba ile ina wazimu. Kisha husemwa ana pepo. Huitwa mganga, akapiga ramli, akataka kuku mwekundu na ubani na shilingi zake, ngoma ikapigwa, na kijana akarudishwa chumbani mle mle, na kisu mle mle, na dawa ya panya mle mle. Lau fedha zilizokwenda kwa waganga zingekwenda kwa madaktari, tungezika vijana wachache zaidi. Na husemwa kuwa kumpeleka mbele ya wakubwa ni kumfedhehesha, na dini imeamrisha sitara. Sitara, enyi ndugu, ni ya dhambi iliyopita baina ya mja na Mola wake. Haikuwekwa kwa madhara yanayokuja. Mtume (s.a.w.) amefundisha kumnusuru ndugu dhalimu na mwenye kudhulumiwa, na alipoulizwa vipi dhalimu atanusuriwa, akabainisha kwamba ni kwa kumzuia asidhulumu. Basi mama anayekwenda kwa hakimu juu ya mwanawe hakumsaliti. Amemnusuru.

Lakini, na twataka jambo hili lisomwe mara mbili, mara nyingi katika visa hivi wenye kulaumiwa si jamaa. Jamaa walisema! Katika Indianapolis, mwezi wa Machi 2020, mama mmoja aliwaambia askari kwamba anamkhofia mwanawe. Bunduki yake ikachukuliwa, ikabaki mikononi mwa askari. Lakini mwendesha mashtaka hakuipeleka kesi kwa hakimu, kwa hiyo hapakuwa na amri ya kumkataza kununua. Mwaka ule ule kijana akanunua bunduki mbili dukani kwa njia ya halali, na tarehe 15 Aprili 2021 akawaua watu wanane katika ghala la vifurushi, wanne katika hao wakiwa Masingasinga. Na hili limetokea katika jimbo la pili kwa ukongwe wa sheria hii! Katika Buffalo, jimbo la New York, sheria ilikuwako tangu 2019, na kijana alikwisha kutoa kitisho skuli mwaka 2021 akapelekwa kuangaliwa akili. Hakuna aliyeomba amri. Tarehe 14 Mei 2022 akawaua watu weusi 10 sokoni.

Na Lewiston, katika Maine, ndiko kunakouma zaidi. Jimbo hilo liliikataa bendera nyekundu, likachagua sheria yake liliyoiita ya bendera ya manjano, iliyoanza kutumika mwaka 2020, ambayo jamaa hawezi kwenda kwa hakimu. Hapana budi askari amshike mtu kwanza, kisha aangaliwe na mwenye ujuzi wa tiba, kisha ndipo hakimu. Mwezi wa Mei 2023 mke wa zamani na mwana wa askari mmoja wa akiba walikwenda kwa wakubwa wakasema: baba huyu anasikia sauti, na silaha anazo. Julai akalazwa hospitali. Septemba askari mwenziwe akaandika kwa wakubwa wake kwamba anakhofu mtu huyu atafanya mauaji. Tarehe 25 Oktoba 2023 akawaua watu 18. Tume iliyoundwa kuchunguza ilisema mwaka 2024 kwamba walinda amani wa wilaya walikuwa na sababu ya kutosha ya kumchukua, na hawakufanya. Mwezi wa Novemba 2025 watu wa Maine walipiga kura wakaikubali bendera nyekundu, ili jamaa wapate kwenda wenyewe kwa hakimu.

Basi tukiulizwa, Je, sheria hizi zipanuliwe? twajibu hivi. Mlango wa jamaa wa nyumba moja, mzazi na mke na mume na ndugu na mwana, ufunguliwe katika kila jimbo lenye sheria hii. Florida, ambako amri hizi zimetolewa kwa maelfu, mpaka leo ni askari peke yao waendao kwa hakimu, na hili twaliona ni kosa. Mama mweusi, au mama mgeni aliyekimbia vita, anamkhofu askari kama anavyomkhofu mwanawe kwa bunduki yake, hamwiti. Akijua yuko hakimu wa kumsikiza, huenda akatoka. Daktari naye afunguliwe, kwani yeye huona yasiyoonwa na mama. Colorado ilimfungulia mwaka 2023, pamoja na waalimu. Ama mwajiri, kama ilivyo California, sisi hatukutulia naye. Baina ya mwajiri na mtumishi mna ujira na kinyongo, na neno "amenitisha" ni jepesi mdomoni mwa anayetafuta njia ya kumwondoa mtu. Mwajiri aliyeona khatari na awaite askari, askari wachunguze, waape wao.

Na upanuzi tunaoutaka zaidi ya wote hautajwi sana: mwenye cheo aliyeletewa khabari yenye dalili, akakaa nayo, aulizwe. New York baada ya Buffalo iliwalazimisha askari wa jimbo waombe amri penye sababu. Kadhi akiletewa ushahidi akaulalia, kwetu ana dhambi na anauzulika. Kwa nini mlinda amani wa wilaya asiulizwe?

Ama ndugu waliotuandikia, na watoto wao walioko kule, jambo la kwanza ni kujua jimbo walilomo, kwani hukumu hubadilika kwa kuvuka mpaka. Aliyeko Minneapolis yuko katika Minnesota, ambako tangu Januari 2024 jamaa wa nyumbani aweza kwenda mahakamani mwenyewe. Aliyeko Columbus yuko katika Ohio, na Ohio haina sheria hii. Huko jamaa hubakiwa na daktari, na askari, na kumwomba mtu mwenyewe kwa upole aitoe silaha nyumbani wakati ana utulivu, ikae kwa mwenye kuaminika anayeruhusiwa kuishika. Na popote walipo Marekani, namba ya simu 988 hujibiwa usiku na mchana kwa ajili ya mwenye kutaka kujiua au mwenye kumkhofia mtu wake. Mama asiyejua Kiingereza na aombe mkalimani, wala asione haya.

Ametuuliza pia ndugu mmoja hukumu ya mwenye kupokea silaha ya jirani kwa amana, kisha jirani akaidai kabla hajapoa: je, arudishe kwa kuwa amana hurudishwa, au aizuie? Suala hili lina maneno ya wanazuoni yanayohitaji nafasi, nasi tutalijibu katika toleo lijalo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.